Soketi Tuliyoikaza Mimi na Ndugu Yangu

Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu nadhani ulizaliwa na meno. Nalisema hili mapema ili mtu asifike katikati ya habari hii akaanza kunihurumia, maana mambo haya sikufanyiwa na mtu. Niliyafanya mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu.

Tulizaliwa wawili tu, mimi na ndugu yangu, yeye akinitangulia kwa miaka mitatu. Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa Ukambani, akapata nyumba Kaloleni, Nairobi, ya chumba kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akafa humo sisi tukiwa bado shuleni. Mama akabaki nayo, nasi tukabaki na mama. Nilipokua nikaajiriwa Industrial Area, katika kiwanda cha kuunganisha redio, nikawa nakaa kwenye benchi na wanawake wenzangu kutwa nzima tukichomelea nyaya. Ndugu yangu akawa seremala Shauri Moyo. Babu yetu alikuwa mchongaji, na mikono yake yote alimrithisha huyu. Ukimpa gogo baya kiasi gani, atakutolea kigoda cha kukalia wageni.

Ila stima aliiogopa kama nini! Utotoni alirushwa na waya wa pasi uliochunika, akaangukia jiko, na tangu siku ile hata balbu hakuthubutu kubadilisha. Jibaba zima, mabega kama kabati, linasimama mlangoni likiniita, "Sista, si ukuje uue hii nyoka." Nami nakuja na bisibisi yangu, namcheka, naua nyoka. Aliniita sista siku zote, hata mbele ya wateja wake. Jina langu lenyewe sidhani alilikumbuka.

Mama alipougua, miaka ya mwanzo ya tisini, tulipeana zamu. Mchana alikaa naye ndugu yangu kwa kuwa kazi ilikuwa yake na angeweza kuchelewa kufungua, na jioni nikishatoka kiwandani nampokea. Alhamisi moja nilirudi nikakuta mlango wetu umejaa wanawake. Mama alikuwa amekata roho saa nane mchana. Aliyemkuta ni jirani yetu, mama mmoja wa kutoka magharibi aliyeuza mboga Gikomba, rafiki yake tangu mimi sijaota meno. Alikuwa amemletea uji.

Ndugu yangu hakuwapo. Alitokea baada yangu, viatu vimejaa vumbi, shati limemganda mgongoni, akasimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja.

"Ulikuwa wapi?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Alipita, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mguu wa mama kupitia blanketi. Mimi nikalichukua lile la kutojibu nikaliweka kifuani, likaanza kuchacha.

Siku ya tatu tulikutana kwenye ukumbi wa mtaa kupanga mazishi. Ndugu wa baba walikuwapo, watu wa kanisa, majirani, maseremala wenzake, wanawake wa benchi langu. Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa wakimpa ndugu yangu mkono wa pole kwanza, kwa sababu ni mkubwa na ni mwanamume, na kila aliyemshika mkono nilimhesabu. Nikasimama. Hakuna aliyeniita nisimame.

"Mnampa pole ya nini huyu?" nikasema. "Huyu alimwacha mama yangu afe peke yake kama paka wa jalalani, akaenda zake kutembea. Muulizeni alikuwa wapi. Mimi nimemuuliza, ameshindwa kusema."

Vichwa vyote vikamgeukia. Jirani yetu wa mboga alianza kuinuka. Ndugu yangu akamtazama, akatikisa kichwa kidogo tu, naye akaketi tena. Nililiona tendo lile kwa macho yangu haya na nikadhani ni aibu inayomtesa. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Tulimzika mama nyumbani, Ukambani, tukarudi Nairobi kila mtu kivyake. Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alikuja na mkokoteni umejaa mbao. Hakunisalimu. Alipima chumba kikubwa kwa kamba, akasimamisha fremu ya tubaitu, yaani zile mbao za inchi mbili kwa mbili, kutoka ukuta hadi ukuta na kutoka sakafu hadi dari, kisha akapigilia seloteksi pande zote mbili. Seloteksi ni ule ubao laini wa dari, mwepesi, ukiukwaruza kwa ukucha unatoa unga. Kufikia jioni nyumba ya mama ilikuwa nyumba mbili. Yeye alichukua upande wenye mlango wa nyuma, mimi nikabaki na mlango wa mbele na chumba kidogo. Watu wengine hukujibu kwa mdomo, fundi wa mbao alinijibu kwa mbao.

Lakini hakuniacha gizani, na hilo nalo ni lazima niliseme. Nyumba nzima ilikuwa na soketi moja tu, nayo iliangukia upande wake. Angeweza kunyamaza, nikapigia nguo zangu pasi ya makaa. Badala yake alimleta fundi wa stima, kijana wa haraka haraka, akashusha waya ndani ya ule ukuta mpya, akatoboa tundu moja tu lililopita pande zote mbili, akaweka maboksi mawili ya chuma yaliyopeana migongo, soketi moja ikitazama kwangu na nyingine kwake. Skrubu alizikazia kwenye seloteksi yenyewe. Nilipoona nilijua. Seloteksi haishiki skrubu, sawa na kukaza skrubu kwenye mkate. Kama ndugu yangu angeniomba mimi nifanye ile kazi, ningemwambia aweke mbao nyuma kwanza. Hakuniomba.

Basi hazikupita wiki mbili maboksi yakalegea. Yeye akichomeka redio yake, langu linanitokea ukutani kama jino la mtoto. Mimi nikichomeka pasi, lake linasukumwa huko, namsikia akisonya. Nikalijazia langu magazeti. Majirani wakaniletea dawa zote za mtaa: njiti za kiberiti, gundi, hata ugali mgumu. Likakaa siku mbili, likatoka.

Na muda wote huo hatukusemeshana. Mtu akija kumtafuta kwa mlango wa mbele, namwelekeza kwa kidole. Mtu akinitafuta kwa mlango wa nyuma, namsikia akisema, "Muulize jirani." Jirani! Mtoto wa tumbo moja na mimi. Mara ya kwanza nililisikia nikiwa nakunywa chai, na chai ile ikanishinda kumeza. Sina haja ya kuzunguka. Nilichokitaka katika miaka ile, kuliko kitu kingine chochote, ni kuitwa sista tena. Nilikitaka na sikuwa tayari kukilipia.

Ajabu ni kwamba yale maboksi yaliyolegea yakawa ndiyo salamu yetu. Sijui yalianzaje. Labda asubuhi moja alisukuma lake kwa hasira, langu likatoka, nami nikalirudisha kwa kishindo ili ajue nimeudhika. Kesho yake akasukuma tena, taratibu. Nikarudisha, taratibu. Ikawa kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini boksi langu linachungulia kidogo, nami nalirudisha kwa kidole kimoja. Basi. Ameamka, nimeamka. Hakuna aliyelizungumzia kwa mtu yeyote, na kama mtu angenifumania ningekana na kuapa. Siku ambayo boksi halikutikisika nilikuwa nachelewa kazini makusudi, nikijifanya natafuta viatu.

Yale magazeti ndiyo yaliyotuponza, au yaliyotusaidia, sijui niseme vipi. Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa napiga pasi sare yangu nikasikia harufu. Waya ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake kwa kule kuvutwa huku na huku, ukawa unatoa cheche, na magazeti niliyoyashindilia yameanza kuwa meusi. Nilichomoa pasi nikakimbilia swichi kubwa ya nyumba iliyokuwa nje, nikaizima. Upande wa pili nilisikia kiti kikianguka. Niliporudi nikavuta boksi langu nje likaja lote na unga wa seloteksi, na moshi kidogo. Na kule ndani ya tundu, yeye akiwa amelivuta lake pia, nikaona jicho la ndugu yangu.

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimemwona mgongo tu, akivuka uwanja kwenda bombani. Jicho lile lilikuwa limeingia ndani. Lilikuwa la njano.

"Umezima?" akauliza.

"Nimezima."

"Una hakika?"

"Wewe, mimi ndiye ninayeijua stima hapa!"

Nikasikia pumzi, ile aliyokuwa akiitoa zamani akizuia kicheko. "Basi tuifanye mara moja," akasema. "Itatuchoma sisi wote."

Kazi yenyewe haikutaka mtu mmoja. Ukuta mwembamba wenye ngozi mbili ni lazima mmoja awe huku na mwingine awe kule, la sivyo ukisukuma huku kule kunatoka. Yeye alikuwa na mbao na skrubu, na mimi nilikuwa na testa, bisibisi na moyo wa kushika waya. Alikata vipande viwili vya tubaitu, akavipiga randa, nikamsikia anakohoa katikati ya kupiga randa, anapumzika, anaanza tena. Nikalifuta tundu, nikatoa magazeti yote na njiti na ugali uliokauka. Nikakata ncha za waya zilizoungua, nikazichuna upya, nyekundu, nyeusi, na ile ya kijani. Akavipitisha vile vipande ndani ya tundu, kimoja kulia na kimoja kushoto, visimame katikati ya ngozi mbili za ukuta, nami nikavishika kwa vidole nikivivuta upande wangu huku yeye akiingiza skrubu kutokea kwake.

"Shika hapo."

"Nimeshika."

"Usiachilie. Inua kidogo. Kidogo, nimesema, si mpaka mbinguni."

"Wewe nawe, mbao yako imepinda!"

"Mbao yangu haijawahi kupinda."

Hayo ndiyo tuliyoongea. Nimeyaweka yote, neno kwa neno. Vidole vyake vilipogusa vyangu ndani ya lile tundu nilishtuka, maana vilikuwa vikavu na vimekonda, na mfupa wa kiganja ulijitokeza kama wa mzee. Mtu wa mabega kama kabati! Nikajua anaumwa na amekuwa akiumwa siku nyingi. Nikasema, mdomo umekaribia ukuta, "Nisamehe."

"Nini?"

"Lile neno. Nisamehe."

Bisibisi yake ilisimama. "Siku ile," akasema polepole, "lile neno lilisikiwa na watu wangapi?"

Nililielewa vizuri sana. Sisi watu wa pale mtaani, mtu awe wa kutoka mashariki au wa kutoka magharibi, tulikuwa na jambo moja tulilokubaliana bila kuandikiana: ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, unamrudishia mbele ya watu wale wale. Unawaita, unapika chai, unasimama, unasema. Samahani ya chumbani kwa tusi la ukumbini haikuhesabiwa. Yeye hakuwa ananionea. Alikuwa ananikumbusha njia.

Na mimi, mwenye meno ulimini, nikapanda hasira. "Kwa hiyo unataka nikapige mbiu? Nipande juu ya paa?"

"Shika hapo," akasema.

Tukamaliza. Kila mtu akakaza boksi lake kwenye zile mbao, skrubu mbili mbili, zikauma mpaka zikalia. Nikafunga soketi ya kwangu. Kwa ya kwake ilibidi nizunguke nje, anipitishe mlango wa nyuma, nizifunge nyaya zake, na nilipoingia upande wake kwa mara ya kwanza niliona kitanda, kochi moja, dawa dirishani, na picha ya mama. Alisimama mbali kama zamani, mikono nyuma, akiogopa nyoka. Nilipowasha swichi kubwa, redio yake ikaimba. Akaisukuma soketi kwa ngumi mara moja, mara mbili. Haikutikisika hata unywele.

"Hii sasa haitoki tena," akasema, na fundi ndani yake alifurahi, nilimwona. Nami nilifurahi. Nikarudi kwangu kwa kuzunguka nje.

Asubuhi yake niliketi nikilitazama boksi. Lilikaa kimya, limenyooka, limekazwa na mafundi wawili. Nikakumbuka kuwa ni Jumatatu na nimechelewa, nikaenda zangu.

Ilinichukua miezi mitano. Miezi mitano, na njia naijua! Kila juma nilisema ni juma lijalo. Mara sukari hakuna, mara nitaanzaje, mara kwani yeye ni nani. Nilikuwa nasikia kikohozi chake kupitia seloteksi, kinazidi, na badala ya kwenda nikawa naongeza sauti ya redio. Aliyenivunja ni yule mama wa mboga. Alikuja siku moja akanikuta nafua uwanjani, akasimama juu yangu na karai lake kichwani.

"Mwanangu, nilimwahidi ndugu yako nisikwambie jambo hili," akasema, "lakini yule mtoto anakwisha, na mimi sitaingia kaburini nalo. Siku ile mama yako aliamka vibaya. Aliniambia mbele yake, 'Huyu aende akaniitie binti yangu.' Nikamwambia ndugu yako, nenda, mimi nitamwangalia. Nikatoka tu kupika uji. Yeye alikwenda kwa miguu hadi kiwandani kwako. Mlinzi wa lango akamkatalia kuingia, akakataa hata kupeleka ujumbe, akasema angoje mtoke. Alisimama pale juani akibembeleza hadi mlipotoka, mkapishana kwenye umati. Alikuwa amekuja kukuita wewe."

Niliendelea kuisugua ile nguo. Sikuweza kuiachia.

"Kwa nini hakusema pale ukumbini?"

"Nilitaka kusema mimi, akanitikisia kichwa. Nilimwuliza baadaye. Akasema, 'Mama, akijua ilikuwa ni yeye anangojwa, atajilaumu mpaka afe. Wacha anilaumu mimi.'"

Niliketi kwenye maji ya sabuni, pale pale chini. Nililia hadi watoto wa bombani wakaacha kujaza ndoo zao. Sikuwa nalia kwa ajili ya mama.

Jumapili hiyo hiyo nikawaita. Wote niliowakumbuka kutoka siku ile: watu wa kanisa, maseremala, wanawake wa benchi, baba mdogo akatoka Ukambani. Chumba changu hakikutosha, wengine wakasimama nje ya mlango wa mbele. Mama wa mboga alikwenda kumwita ndugu yangu siku moja kabla. Akaniletea jibu kwamba hawezi kusimama, na hataki watu wamwone alivyo, wala asitembelewe kabla. "Amesema uyaseme tu, atasikia akiwa upande wake. Na akikubali, utajua." Nikauliza nitajuaje. Akasema hata yeye alimwuliza, naye akatabasamu tu. Mimi nikadhani atagonga ubao.

Chai ikanywewa. Saa tisa na nusu nikasimama, mgongo kwa ukuta wa seloteksi, nikiwatazama watu, kwa maana ndio waliosikia. Nikasema kwa sauti. Nikasema kwamba nilisema uongo ukumbini. Kwamba ndugu yangu hakumwacha mama, alitumwa na mama, na aliyekuwa akitafutwa ni mimi. Kwamba amenibebea aibu yangu miaka miwili na nimemlipa kwa kuongeza sauti ya redio. Nikageukia ukuta, nikamwita kaka, nikasema, "Nisamehe mbele ya hawa." Nilisema vizuri. Hata leo nasema nilisema vizuri.

Tukangoja. Baba mdogo akainamisha kichwa. Vikombe vilikuwa vinagongana kule mlangoni, mtoto fulani akalia, akatolewa nje. Ukuta haukugongwa. Nikahesabu pumzi zangu. Watu wakaanza kutazamana, na mwanamke mmoja wa benchi langu akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. Nimejivua nguo mbele ya umati, nikawaza, na yeye amelala pale anafurahia. Damu ikanipanda.

Nikaupiga ukuta kwa kiganja. "Hata sasa?" nikapiga kelele. "Hata baada ya haya? Basi kaa na roho yako mbaya! Ukifa usitegemee chozi langu!"

"Wewe!" baba mdogo akasema. "Nyamaza!"

Mama wa mboga alikuwa ameshatoka. Alizunguka kwa nyuma. Tulimsikia akisukuma mlango, kisha tukasikia sauti yake, na mimi nikatoka mbio nikiwapita watu.

Alikuwa sakafuni, chini ya soketi, ameegemea ukuta. Alijiburuta kutoka kitandani, blanketi lilikuwa limemfuata nusu ya njia. Ngumi yake ilikuwa bado imeinuliwa, imebaki kwenye soketi, na ngozi ya vifundo vya vidole ilikuwa imechubuka. Alikuwa akisukuma. Katika ugonjwa wake alisahau kwamba tuliikaza, au hakusahau, akajaribu tu kwa kuwa ndiyo namna aliyoijua ya kuniambia. Alisukuma na kusukuma, na mimi upande wangu sikuona kitu, kwa sababu kazi ile tuliifanya sawasawa.

Macho yake yalikuwa wazi. Yalinitazama. Mdomo ukatikisika bila sauti.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya muumini mmoja wa kanisa. Nilikaa nyuma nimekipakata kichwa chake na kikawa chepesi mno. Nilimwambia yote upya, njia nzima, nikamwambia lile la mwisho lilikuwa hasira tu, si langu, afute. Hakuwa ananitazama tena. Aliishi siku mbili na hakusema neno. Jumanne mchana nilikuwa nimemshika mkono, ule uliochubuka, alipoacha kupumua.

Ule ukuta niliubomoa kwa mikono baada ya mazishi. Seloteksi ilikatika kama biskuti. Vile vipande viwili vya tubaitu ndivyo vilivyogoma kutoka, na skrubu zake, hadi nikamwita seremala mwenzake aje na msumeno.

Wanawake wa mtaa walinifariji na wengine wananifariji hadi leo. Wananiambia nisijitese, kwamba alisikia msamaha wangu, la sivyo angejiburuta vile kwa nini? Ni kweli. Alisikia, na akanijibu. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa ule ubao na najua ulivyokuwa mwembamba. Kama alilisikia la kwanza, alilisikia na la pili.